Tiketi ya Nusu Bei

Yuro nne. Sisi wazee tunapunguziwa.
Binti wa dirishani ananipa karatasi yenye picha ya lango,
lango lile lile nililokatazwa kulipita na viatu vya matope,
na ananionya kwa adabu: tusiguse, tusikalie, tusichume.
Naitikia kwa kichwa. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyonilea.

Chini ya kilima unapita mto. Unaitwa Lima,
na baba yangu Belmiro aliutii jina lake
miaka thelathini na mmoja:
alilima jogoo hajakohoa,
alilima mvua ya Februari ikimchuruzika mgongoni,
alilima hata siku aliyozikwa mdogo wangu,
maana kesho yake walikuwa wanakuja wageni kutoka Porto
na njia ya changarawe ilikuwa haijapigwa reki.

Kiongozi wetu ni Iolanda. Anatembea kinyumenyume
bila kujikwaa, sauti yake imesafishwa kama glasi.
"Hapa ndipo Bwana Teotónio alipochorea.
Dirisha la kaskazini. Mwanga usiogeuka."
Kigoda kimezungushiwa kamba nyekundu.
Burashi zimesimama ndani ya gudulia
kama watoto wa shule wanaongoja kupigwa picha.
Koti lake limetundikwa, kiwiko kina kiraka,
na kiraka hicho nakijua: ni gauni la mama.

Sakafuni, doa la buluu limefunikwa kioo.
Watu wanainama, wanalipiga picha.
Mama alilipigia magoti doa hilo,
akalisugua kwa majivu, kwa siki, kwa mchanga wa mtoni,
likakataa, naye akakatwa mshahara wa wiki.
Leo doa lina taa yake peke yake.

Tunatoka bustanini.
"Kamelia hizi kumi na tisa," anasema Iolanda,
"alizipanda kwa mikono yake mwenyewe."
Nakohoa. Mwanamke mmoja ananipa peremende.
Mikono ya bwana! Ilikuwa myeupe, mirefu, mizuri kwa kweli,
na ilijua kuonyesha kwa kidole: pale. Hapana, pale.
Sitamsingizia. Aliyapenda maua haya.
Nilimwona akilia mwaka ule jalidi ilipoyaunguza,
analia wazi, kama mtu aliyefiwa,
na baba kamshikia mwavuli.

Turubai kubwa liko chumba cha mwisho.
Bustani, asubuhi, toroli limeachwa njiani.
Nyuma ya toroli kuna kitu kama moshi.
"Wataalamu wanabishana," Iolanda anasema.
"Labda kivuli. Labda mkono uliteleza."

Aliambiwa asimame pale, asitikisike.
Akasimama tangu kengele ya kwanza ya kanisa hadi ya pili,
vidole vimekufa ganzi ndani ya jalidi.
Kisha bwana akasema ile kofia inaugombanisha ukijani,
akachovya burashi, akampaka majani mwili mzima.
Baba alitusimulia huku anakunywa supu,
akacheka mpaka akapaliwa.
"Kanipanda," akasema. "Leo kanipanda mimi."

Iolanda anauliza kama kuna mwenye swali.
Mtu mmoja anauliza choo kiko wapi.

Njiani kuelekea langoni, kati ya mawe mawili ya itale,
naona ndago. Changa, jeuri, majani matatu.
Mkono unatangulia, mimi nabaki nyuma:
vidole chini kabisa, zungusha kidogo, usivute kwa hasira,
na ule mzizi unatoka mzima na kiazi chake.
"Mzee! Tumesema usiguse!"
Mlinzi ni kijana, ana haki, nami naomba radhi,
naitia ndago mfukoni.

Ndani ya basi natafuta tiketi ya kurudia.
Inatoka na udongo.
Mweusi bado. Naunusa, abiria wa pembeni anasogea.
Samadi ya farasi, miaka hii yote,
na toroli lake lilikuwa na gurudumu bovu,
lililia njia nzima.