Deki Inayosoma

Msanjila akaipangusa kwa kiwiko:
"Hii inasoma kila kitu, kaka."
Kila kitu ni neno la dukani.
Mimi nimetoka Mvumi na diski moja
ndani ya bahasha ya eksirei;
mtihani nimekuja nao mwenyewe.

Ya kwanza, taa za buluu, nzito kama tofali,
ikaimeza, ikakoroma, ikaitema.
Ya pili ikaleta sauti bila sura:
kuku, upepo, mtu akikohoa gizani.
Ya tatu ikaandika: *faili halitambuliki*.

Halitambuliki!
Na Mvumi nzima
ilimjua kwa kikohozi tu.

"Ni AVI ya zamani hiyo. Siku hizi ni MP4.
Peleka stesheneri wakubadilishie."
Nilishapeleka. Walinirudishia dakika mbili.

Vumbi la Majengo likaingia, likakaa kwenye vioo.
Akainama chini ya rafu, akavuta nyingine,
kifuniko kimefungwa mpira wa baiskeli,
jina la kampuni limefutika,
na bila hata kuniangalia akaichomeka.

Ikasoma.

Mama anapepeta uwele.
Ungo unapanda, unashuka,
na kishindo chake kinafika
baada ya mkono kuwa umeshapita.

"Sauti inachelewa," Msanjila akasema, ameshika bisibisi,
"hiyo naiweka sawa sasa hivi."

Iache.
Ndivyo alivyokuwa:
mkono kwanza, neno baadaye.

Elfu thelathini na tano.
Sikumbuki kama nilipunguziwa.