Saa Mbili na Robo

Saa mbili na robo usiku kitochi kinatikisika
juu ya meza ya cherehani, kinasogea kama mende
kuelekea kwenye mkasi.
"Habari, Aikande. Taja jambo moja
ulilolifanya vizuri leo."

Namba fupi, tarakimu tano, haina uso.
Nesi wa zahanati ya Pasua ndiye aliyeniandikisha,
akasema haili vocha, akasema jibu unavyotaka.
Wiki ya kwanza nilijibu neno moja: Hakuna.
Nayo ikajibu: "Sawa. Tutauliza tena kesho."
Ikauliza kesho.
Sikuwahi kuona aliyesema kesho
akaja kesho.

Mimi nilipewa jina mara mbili.
La kwanza kanisani, kwa maji.
La pili jikoni kwa shangazi, kule Uru,
kwa mwiko: Mkosi.
Mkosi, kachote maji. Mkosi, nani kamaliza mboga?
Nikaitika miaka tisa,
na jina ukiliitikia sana linakuzoea,
linakufuata hadi mjini,
linapanda nawe ngazi za fremu hii ya Dabo Rodi,
linakaa begani wateja wakija kupimwa,
linanong'ona: utaharibu kitambaa cha watu.

Wiki ya tatu niliandika: Nimetia zipu, haikukunjamana.
Wiki ya tano: Nimekula mchana.
Kisha siku moja, sijui ilikuwa mvua,
ile ya Aprili inayopiga bati kama mtu anayedai deni,
niliandika yote. Siku ya sufuria ya maharage,
mkono wangu, moto, mlango uliofungwa kwa nje.
Meseji tatu mfululizo. Nikabonyeza tuma
kabla kidole hakijaogopa.

Kikatikisika:
"Hongera! Endelea hivyo hivyo."

Nilikitazama.
Nikacheka. Nikacheka mpaka Mama Elinami
akazima redio, akauliza kuna nini.
Mashine masikini ya Mungu, haijui kusoma,
inajua kupokea na kushukuru!
Niliicheka siku ile ya sufuria
ambayo haijawahi kuchekwa na mtu,
na katikati ya kicheko machozi yakapita,
sikuyazuia, yalikuwa na safari yao.

Kesho yake asubuhi akapiga mtu kweli,
dada mwenye mafua, anaitwa Ndekirwa.
"Nimesoma ulichoandika. Ile hongera,
samahani sana, ni ya mtambo."
Nikamwambia iache.
Akanyamaza. Nikasikia anapenga kamasi.
"Ungependa nikuite nani?"
Swali gani hilo, kumuuliza mtu wa miaka ishirini.
Nilichelewa kujibu, kama anayetafuta funguo
ndani ya mkoba wa mwingine.

Sijapona, usije ukadhani.
Bado mlango ukigongwa kwa nguvu mabega yananipanda.
Bado naviomba viti samahani.
Mlima hujifunika siku nne, ukajifunua dakika kumi
watu wapige picha; mimi hata hizo kumi sina,
nina mshono mmoja, halafu mwingine.

Leo mwanafunzi mpya kavunja sindano.
Nikamwona anavyojikunja, shingo inaingia ndani,
mikono tayari imekinga uso,
na mimi sijanyanyua hata kidole.
Naijua ile kona anayoitazama.
Nikafungua kopo.
"Namba kumi na nne," nikasema. "Huvunjika hizi.
Chukua nyingine, Nakunda."
Nikalirudia jina lake, taratibu,
kama mtu anayepiga pasi kola.

Saa mbili na robo umeme umekatika Moshi nzima,
simu imezima tangu saa kumi.
Inauliza huko iliko.
Nimekaa gizani na jibu langu.