Daftari la Gari

Kwa miaka thelathini
hesabu za mashambani,
mkonge, robota, tani,
nilijaza daftari.

Na kiinua mgongo
kikaja bila kinyongo,
watu wakanyosha shingo:
"Jenga, mama Kauthari,

vyumba vingi vya kupanga,
au fuga kuku, kanga,
duka la mchele, unga,
utaishi kwa sitiri."

Nikajibu, "Inshallah,"
nikenda bila kulala
bandarini, kwa wakala,
nikalikomboa gari.

Viti vyake ni viwili,
wekundu wa pilipili,
pua ndefu ya dalali,
bonyeza, paa hukiri.

Bi Mwanahawa jirani
kainama dirishani:
"Wajukuu, kiti gani?
Na gunia la sukari?"

Tanga si mji wa paa
la kukunja likakaa:
chumvi huja kama njaa,
hutafuna msumari.

Raskazone, nyumbani,
nina ndoo na sabuni,
nalisugua kwapani
kama ng'ombe wa mahari.

Kunguru nao wajua
saa ninayofunua:
hulenga bila kutua
kiti cha ngozi, fahari.

Mwezi wa nne, Jumanne,
ya masika, mvua nene,
ni Barabara ya Nane,
paa likakosa ari.

Nusu wazi, nusu chali,
kama mdomo wa swali,
nami chini ya mwavuli,
mkono mmoja, shwari.

Watoto wa madrasa
wakashangilia: "Sasa
bibi yuaoga hasa
ndani ya beseni-gari!"

Akaja fundi Shemboza,
majokofu hutengeza,
akachungua, kawaza,
akaniambia siri:

"Mama, hili ni jokofu
lenye bomba na mapafu,
mafuta yake hafifu
yanavuja kwa hiari."

Kipuri ni cha Dubai,
bei yake haifai,
kungoja vile sikai.
Shemboza kasema, "Heri

bomba la friji bovu
la bucha, bado na nguvu;
tulisafishe makovu,
litakaa. Tusubiri."

Sindano ya zahanati,
mpya, katika pakiti,
naye akapiga goti,
akalidunga hodari.

Likaguna, likapaa,
mbingu zote zikang'aa,
Mwanahawa kashangaa,
akasahau sukari.

Tangu hapo, jua kali,
gari hunuka, kwa mbali,
ini bichi la fahali,
wala sioni dosari.

Usiku, taa mezani,
navaa tena miwani,
mazoea ya kazini,
nafungua daftari.

Matairi: laki nne;
bima: jumla nisinene;
soda ya fundi: mia nane;
petroli: Mungu Jabari!

Upande wa matumizi
safu zimejaa, wazi;
wa mapato, kwa ujuzi,
naandika tu sifuri.

Ila leo, kwisha swala,
mji wote umelala,
sijanywa chai, sijala,
natoka nalo safari.

Toka Pongwe, paa chini,
baridi masikioni,
mtandio u shingoni,
kiti cha pili: sukari

ya Mwanahawa, gunia,
mkanda nimelitia,
aliniagiza pia,
bila haya, bila shari.

Mkonge nilohesabu
kwa tani, kwa taratibu,
naunusa kwa karibu
pasi kioo na dari.

Hayo, niweke safuni?
Niyaite jina gani?
Kalamu imo hewani,
na kutu yangoja gari.