Waya Mbili Nyeupe

Bazarragchaa ameleta gari likikohoa.
Mkononi ana boksi, na ndani ya boksi
kihisi kipya cha oksijeni, cha pili tangu theluji ianze.
"Funga tu," ananiambia. "Mashine imeshasema."

Imesema, ndiyo. Herufi moja, tarakimu nne.
Lakini mashine ni kama jirani anayebisha usiku:
atakuambia kwako kunanuka moshi,
hatakuambia ni chungu gani kimeungua.

Nje ni thelathini na moja chini ya sifuri.
Ulaanbaatar imejifunika blanketi la makaa,
kila hema mlimani limetoa ulimi mweusi,
na mimi, Tsendsuren binti Luvsan, fundi wa kontena la kumi na nne,
nimelala chali juu ya katoni,
pua yangu shubiri moja kutoka kwenye ekzosi.

Sikiliza, Bazarragchaa. Hiki kidude unachokilaani
kazi yake kunusa. Basi.
Kinanusa pumzi ya injini inapotoka,
kinasema: hewa imezidi; kinasema: petroli imezidi;
na akili ya gari inapunguza, inaongeza,
kama mpishi na chumvi.
Ila kikiwa baridi hakina pua.
Sharti kipashwe moto ndipo kiseme kweli,
ndiyo maana wamekitia jiko dogo tumboni.
Waya nyeusi ni ya kusema.
Ya kijivu inashuka ardhini.
Nyeupe mbili ni za kula.

Naanza na aliye kizimbani.
Nachomoa plagi, nyeupe kwa nyeupe, ncha za mita:
omu sita na nusu.
Mzima.
"Na kile cha kwanza, ulikitupa?"
Kimya. Halafu: "Kiko kwenye buti."
Nakipima nacho. Sita na ushei.
Wamefungwa wawili, na hakuna aliyeiba.

"Washa swichi, usipige stata."
Sasa napima upande wa gari, upande wa mlishaji.
Nangoja volti kumi na mbili.
Napata sifuri, nukta, sifuri.

Fyuzi nzima. Naifuata waya kwa vidole vitupu,
maana glavu hazijui kusoma,
hadi nyuma ya bati la kukinga joto,
na hapo, kwenye kiota cha sufu aliyoichuna kwenye hema la mtu,
panya.
Alikuja kutafuta joto
akaitafuna njia ya joto.
Tunatazamana. Anaondoka yeye kwanza.

Nachomelea kwa risasi, nazungushia utepe, nawasha injini.
Ncha ya mita kwenye nyeusi.
Mwanzo inakaa palepale, nukta arobaini na tano,
kama shahidi ambaye hajaapishwa.
Nusu dakika.
Kisha nukta nane. Nukta moja. Nukta tisa. Nukta mbili.
Inapanda, inashuka, inapanda.
"Inahangaika," anasema Bazarragchaa.
Hapana, baba. Inapumua.

Wiki iliyopita, kliniki, walimbana Nomin wangu kidole
kwa kibanio chenye taa nyekundu.
Mita yao ilisema themanini na tisa.
Daktari aliandika dawa ileile ya mwaka jana,
akaniuliza kama nyumbani tunavuta sigara.
Mficha maradhi, wanasema, kifo kitamuumbua;
lakini mwanangu hakuficha kitu,
aliwasha taa zote alizonazo,
na sikuona mtu aliyelala chali chini ya mji huu
kuifuata waya.

"Hiki nikirudishe dukani?" Boksi bado mkononi.
Rudisha. Na utepe ni elfu nane, kuchomelea elfu ishirini,
panya bure.
Anacheka, anahesabu tugriki, anasahau injini inanguruma
mlangoni pangu.
"Toa gari nje, Bazarragchaa.
Nje, nimesema."