Mgongoni mwa Saa

Fundi Mfaume ana meza moja na mwanawe, Chikongola:
upande huu simu zilizopasuka vioo,
upande ule saa tatu, nne, za watu walioacha kuzifuata.
Nikamfungulia leso.
Hakuuliza ya nani. Aliitikisa sikioni kwanza,
kama mtu anayepima nazi.
"Imekauka," akasema. "Haijafa."

Babu Nangolo aliivaa kwenye reli ya karanga.
Alikuwa mshika bendera kule Ruo,
mtu wa kusema treni imechelewa, akaaminiwa.
Kisha karanga zikakataa, reli ikang'olewa,
vyuma vikaenda vilikokwenda,
yeye akabaki na dakika zake mkononi
na mikorosho arobaini isiyojua dakika ni nini.

Hayo nayajua. Yamesimuliwa hadi yamechakaa.

Fundi akabana lenzi jichoni, akafungua mgongo.
Zikaja moja moja kwenye kifuniko cha kopo la kahawa:
skurubu ndogo kuliko chawa,
gurudumu lenye unywele wa chuma uliojikunja,
springi, vijiwe vyekundu kumi na saba,
na mafuta yaliyoganda yakawa rangi ya sukari guru.
Feni ikazimwa. Mwanawe akakatazwa kupiga chafya.
Nje mtu ananadi pweza kwa kipaza sauti;
ndani tunapumua kwa zamu.

"Njoo uone."

Ndani ya kifuniko, pale ngozi ya mtu isipofika,
mafundi walikuwa wamekwaruza kwa sindano.
Kila aliyeifungua aliacha mwezi na mwaka, ndiyo desturi yao.
4/56. 8/59. 2/61.
Hizo za babu, za mshahara.
Halafu 11/71. 11/78. 11/84. 11/92.

Babu alizikwa mwaka sitini na nane.

Nani, basi?
Nani aliibeba saa ya marehemu kutoka Mtama hadi mjini,
akalipa, akarudi, akaifukia sandukuni chini ya kaniki,
asiseme?
Na kwa nini daima mwezi wa kumi na moja?
Lakini hilo halina haja ya fundi. Hata mtoto wa simu anajua
pesa ya huku inaingia mwezi gani.

Bibi Somoe. Vidole vyake vililiwa na mafuta ya maganda ya korosho
hadi karani wa chama akalalamika:
dole gumba la mama huyu halitoi alama.
Na saa hakujua kuisoma.
Tulikuwa tukimchokoza, "Bibi, saa ngapi?"
Hutazama kivuli cha ukuta, akatujibu sawasawa.
Sasa ndiyo nakumbuka: usiku, akidhani tumelala,
krr, krr, krr,
kama panya anayetafuna kwa adabu.
Alikuwa akiitia ufunguo.
Kisha huilaza chini ya mto, upande wa ukutani,
upande ambao hakuna mtoto aliyeruhusiwa kulala.

Fundi akaosha vyote kwa petroli, akatia mafuta,
tone lisilotosha jicho la sisimizi.
"Kioo kipya ninacho. Uso niupake rangi?
Huu mkwaruzo ubavuni niusugue, ung'ae?"
Kioo, sawa, nikasema. Uso uache na madoa yake.
Mkwaruzo…
sijui ni wa mpini wa bendera au wa jiwe la kubangulia.
Uache.

Siku ya tatu gurudumu likashtuka,
likaenda, likarudi, likaenda.
Mwanawe akaiweka chini simu ya mteja, akasogeza kiti.

Nikalipa kwa simu; ujumbe ukaingia
kabla mgongo haujafungwa.
Fundi akakigeuza kifuniko, sindano mkononi.
"Niandike?"
Andika.
"Chini ya hizi nne, mwezi wa tatu utaonekana mgeni."
Andika hivyo hivyo, wa tatu.
Mikorosho haijatoa hata ua.