Orodha ya Majina Sita

Darasani wamo wavulana saba, mmoja wao wangu.
Sheria haijaandikwa popote,
lakini kila mzazi hapa Ísafjörður anaijua:
alika wavulana wote, au wasichana wote,
au darasa zima. Usichague.
Sheria nzuri. Mkutanoni niliipigia makofi mwenyewe,
kabla haijanigeukia.

Sölvi anatimiza miaka minane Jumamosi.
Saa tano usiku, nimekaa jikoni na kalamu.
Nje gari la kukwangua theluji linakwenda, linarudi,
taa yake ya manjano inafagia dari.
Ninaandika: Ísak. Matthías. Dagur. Tómas.
Kalamu inasita.
Bergur.
Kári.

Bergur ndiye aliyetumbukiza glavu za mwanangu chooni.
Kári hakugusa kitu. Kári alishika mlango.
Wamempa mwanangu jina asilotaka kunitajia.
Nimelisikia mara moja, kwenye maegesho ya shule,
likirushwa kama kokoto.
Walicheka, naye akacheka pia,
kicheko cha mtu anayelipa kodi.

Ragnar, mume wangu, anasema watoto ni watoto,
waje wale keki, yatakwisha.
Ragnar anaamini keki
kama wengine wanavyoamini dawa.
Mwalimu naye: "Ukiwaacha wawili, utakuwa umewatenga."
Kuwatenga. Analitamka neno hilo polepole,
utadhani mimi ndiye niliyelileta darasani.

Asubuhi nikamwuliza mwenye sherehe.
Alikuwa akivaa soksi, kisigino kimepindia juu.
"Waalike wote, mama," akasema.
"Mimi nitakwenda kwa bibi. Mnibakizie kipande."

Hakuwa akilia. Hilo ndilo lililoniuma.
Alikwisha piga hesabu, kama mtu mzima apangaye safari,
akaona sherehe inawezekana
ila yeye akitoka.

Nikampigia simu Halldóra, mama yake Bergur.
Nilikuwa nimejiandalia maneno laini. Yakaniponyoka yote.
"Bergur hatakuja. Wala Kári.
Sababu ni glavu, na mlango, na lile jina."

Kimya. Nikaisikia friji yake ikinguruma.
Kisha, bila ukali, kama anayesoma risiti:
"Mimi pia hukunialika. Tulikuwa na miaka tisa.
Nilisimama ng'ambo ya barabara
nikihesabu baiskeli zilizoegemezwa ukutani kwenu.
Kumi na moja."

Nilikuwa nimesahau. Kweli kabisa, nilikuwa nimesahau.
Mkuki kwa nguruwe...
nusu ya pili nilishindwa kuimalizia.

Orodha sikuibadilisha. Naomba hilo lieleweke.
Deni langu si la kulipwa na mwanangu
kwa keki yake, mbele ya mishumaa yake.
Lakini nilimwambia Halldóra samahani,
imechelewa miaka ishirini na sita,
naye akajibu "haya,"
haya isiyo ya kusamehe wala ya kukataa,
akakata simu.
Alimwambia nini mwanawe, sijui.

Jumamosi tukaenda kwenye bwawa la maji moto, watoto wanne.
Tómas hakuja; mama yake aliandika kwamba
wao hawapendi mambo ya kuchagua.
Theluji ilikuwa ikiwatua vichwani, nywele zikaganda
zikasimama kama miiba, na kila mmoja
akawa anamcheka mwenzake, naye anachekwa,
na kicheko hicho hakikuwa na kodi.
Mshumaa wa nane uligoma kuwaka. Hakuna aliyejali.

Jumatatu, kwenye ndoano ya Sölvi shuleni,
palikuwa na glavu mpya, za buluu,
kubwa mno, bila barua.

Hajazivaa.
Hajazitupa pia.
Zimekaa juu ya hita, vidole vikitazama juu,
nami kila nikipita
nazigeuza upande wa pili, zisiungue.