Ubao Juu ya Ubao

Nilikununua soko la Eliava, kwa Malkhaz, lari thelathini,
bawaba zimenyofoka, kioo kimepasuka
kama barafu iliyokanyagwa na mtu asiyeangalia aendako.
"Cha vipuri tu," alisema, akitema ganda la alizeti.
Nilipokufungua nyumbani, feni ilikohoa unga:
miaka sita ulipiga hesabu za mikate kule Gldani,
ukaingiza magunia, ukatoa mishahara,
hukuwahi kuonja mchezo hata siku moja.

Wenye kujua hukuita ubao mama.
Mama wa nani? Nilikukuta mtupu,
huna kioo, huna kibodi, huna ganda,
kipande cha kijani, upana wa kiganja na nusu,
na mrija wa shaba umekulalia begani.

Nikakuchongea nyumba
katika ubao wa jozi, ule wa kukatia vitunguu saumu.
Patasi na kisu, wiki mbili, plasta kwenye vidole viwili.
Nikapanua tundu la feni, nikapanua tena,
nikazidisha. Nikaziba kwa gundi na vumbi la mbao.
Fundi haoni aibu, aibu humwona mteja,
na mteja nilikuwa mimi.

Vitufe alinipa Tengiz
siku walipong'oa lifti ya sarafu katika jengo letu
wakaweka inayosoma kadi.
Vitufe tisa, vyeusi, vimebabuliwa kwa viberiti
na vijana ambao sasa wana vipara.
Nikavilehemu kimoja kimoja, moshi ukinipanda puani:
cha saba kuruka, cha tatu kukimbia, cha kwanza kupiga.
Cha nne hunasa. Kilinasa tangu zamani;
watu wa ghorofa ya nne walishukia ya tano
wakamalizia kwa miguu.

Usiku wa kwanza uliwaka.
Herufi nyeupe, halafu mlio, halafu
giza.
Nikapima betri: nzima. Nikapima waya: mzima.
Nikakuwasha tena, ukapepesa, ukalala.
Siku nne hivyo. Nikakutukana Kigeorgia na Kirusi,
pamoja na maneno aliyokuwa akiyatoa babu
nyundo ikimpata kidole.
Kisha nikakumbuka: huko pembeni
una kihisi kidogo kuliko punje ya mchele,
kazi yake kungoja sumaku ya kifuniko.
Nami nilikuwa nimekuwekea spika papo hapo,
sumaku ikiwa kifuani mwake.
Kifuniko kilishabaki jalalani Eliava,
wewe bado ulikuwa unakisikia kikifungwa.
Kila nilipokuwasha ulisikia:
basi, kazi imekwisha, lala.

Nilikaa kimya kidogo.
Kisha nikaisogeza spika sentimita tatu.

Nanuli wa ghorofa ya pili alipanda kuuliza
nani anapika saa hizi.
Ni wewe: ukipata moto, jozi hutoa harufu ya saumu
ya sikukuu zote za nyumba hii.
Nikamkalisha jikoni, nikakuweka mapajani pake,
gramu mia tisa na skrubu moja iliyobaki
ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya wapi.
Gari jekundu, barabara ya theluji.
"Hivi nimevibonyeza miaka thelathini," akasema,
na kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye cha pili.
Cha pili kilikuwa breki.
Gari likasimama katikati ya mashindano.
Alicheka mpaka akavua miwani.

Akacheza dakika arobaini; betri hapo ndipo mwisho wake.
Kioo kilipozima
hakunitazama, hakuuliza chaja.
Mkono wake ulishaingia mfukoni mwa aproni,
ukitafuta sarafu.